Baba Hasemi Mara Mbili

Jumanne, 26 Januari 2016

Nimeingia! Programu ya Heshima, ile ya wanafunzi bora wa chuo. Barua pepe imenikuta kwenye foleni ya bwalo, nikaiacha trei na supu yake, nikatoka nje bila koti. Theluji hadi magotini na mimi nacheka peke yangu kama chizi.

Wenzangu wengi walialikwa tangu sekondari. Mimi sikualikwa. Alama zangu za mwaka wa mwisho zilikuwa mbovu — ndio mwaka tuliouza ng'ombe. Ilibidi niombe mwenyewe baada ya muhula mmoja hapa chuoni. Kwenye usaili Dk. Halloran, mkurugenzi wa programu, aliniuliza kwa nini naitaka. Nikamwambia kwa sababu hamkuniita. Akacheka. Sikuwa natania.

Masharti: wastani wa alama usishuke chini ya tatu na nusu. Masomo manane ya programu. Mwaka wa nne tasnifu, kisha kuitetea mbele ya jopo. Ukikwama popote unatolewa, unahitimu kama watu wengine. Halloran anasema karibu nusu hawafiki mwisho. Mimi nitafika. Naandika hapa ili kesho nisijifanye sikusema.

Nimewapigia nyumbani. Mama kalia kidogo. Baba kapewa simu, kauliza kama barabara za huku zimeshasafishwa.

Ijumaa, 13 Mei 2016

Kemia: B ya kuchechemea. Wastani 3.52. Bado nimo. Kidogo tu, lakini nimo.

Alhamisi, 12 Oktoba 2017

Mkataba wangu wa kwanza. Somo la kawaida unaweza kuligeuza la programu kama mwalimu atakubali kukupa kazi ya ziada, mkasaini wote wawili. Kila mtu anatafuta mwalimu mpole. Mimi nimekwenda kwa Profesa Sundby wa historia ya kilimo, ambaye hata salamu yake ina swali ndani yake.

Nilimwambia nitaandika kurasa ishirini zaidi. Akasema kurasa hazitaki, anazo nyingi. Anataka nimletee swali moja ambalo silijui jibu lake.

Wiki ya pili sasa sina swali. Nina majibu tu, tele.

Jumatano, 12 Septemba 2018

Pendekezo la tasnifu limepita! Sundby ndiye msimamizi. Nitawahoji wafugaji wa wilaya yetu waliouza ng'ombe wao wa maziwa. Magazeti yanahesabu mabanda yaliyofungwa. Mimi nataka kujua watu walivyofunga. Hilo ndilo swali langu, limenichukua mwaka mzima kulipata.

Ila kabla ya kumhoji mtu yeyote lazima Kamati ya Maadili ya chuo itoe idhini. Fomu kurasa kumi na tisa. Nieleze nitahakikisha vipi kwamba hakuna atakayeumia, atakayelazimishwa, atakayeaibika. Mai Nhia, ninayekaa naye chumba kimoja, anasoma biolojia na anafanyia panya majaribio. Anasema panya wake hawana fomu ndefu hivyo, tena wao wanakufa.

Ijumaa, 23 Novemba 2018. Nyumbani.

Jana sikukuu ya shukrani: bata mzinga, shangazi, binamu, kelele. Leo Mama katoka alfajiri na shangazi kwenda kwenye mauzo ya bei poa. Tumebaki mimi na Baba jikoni. Anakula pai ya maboga ya jana, amesimama, kama kawaida yake.

Nikamuuliza tu. Baba, siku ile malori yalipochukua ng'ombe ilikuwaje? Nilikuwa shuleni, hujawahi kunisimulia. Akafuta uma kwa kitambaa. Nikadhani ndiyo imetoka hiyo. Kisha akavuta kiti. Nikauliza kama naweza kurekodi, akasema haya, rekodi.

Dakika arobaini na moja! Mtu ambaye kwa mwezi mzima hafikishi dakika arobaini na moja.

Malori yalikuja saa mbili. Watu wa mnada walikuwa wastaarabu. Saa nne banda tupu. Sawa, hiyo naijua. Lakini kesho yake aliamka saa kumi na nusu alfajiri kama miaka yote thelathini na moja, akavaa buti, akaenda bandani. Akawasha redio. Akawasha pampu ya kukamulia. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, pampu ikinguruma, hakuna ng'ombe hata mmoja. Kwa muda wa saa mbili nzima. Kisha akazima, akaja kunywa kahawa. Na kesho yake tena. Na kesho yake. Mpaka Machi. Mama alidhani anaosha mabomba ya kukamulia ili mnunuzi ayakute safi.

Alisema, "Pampu ikiwaka nilikuwa najua mimi nani."

Sikujua nitazame wapi. Nilimkatia kipande kingine cha pai.

Idhini ya kamati haijaja bado. Lakini fomu niliituma Oktoba, na Sundby alisema ni suala la siku tu. Na huyu ni baba yangu, jikoni kwetu. Nani ataumia? Hii ndiyo tasnifu. Mengine yote yatakaa kuizunguka.

Jumanne, 4 Desemba 2018

Idhini imekuja. Imesainiwa jana, tarehe 3. Aya ya pili: mahojiano yoyote yaliyofanyika kabla ya tarehe hii hayaruhusiwi kutumika, yote au sehemu.

Nimeisoma mara tano. Haibadiliki.

Mai Nhia anaona napagawa bure. Badilisha tarehe ya faili, kazi ya dakika moja — akanionyesha kwenye rekodi yake mwenyewe ya mihadhara. "Nani ataumia hapa? Baba yako alisema mwenyewe, hukumwekea bunduki." Kesho saa nne nampelekea Sundby nakala niliyoichapa. Faili linanitazama.

Jumatano, 5 Desemba 2018

Sundby aliisoma yote mbele yangu. Mwisho akavua miwani akafuta vioo, na sidhani vilikuwa vichafu. Akasema miaka ishirini na mbili anafundisha, hajapewa kitu kama hiki na mwanafunzi.

Kisha akauliza nilirekodi lini.

Ningeweza. Neno moja tu, "Jumatatu", siku idhini iliposainiwa. Nilikuwa nalo mdomoni kabisa. Nikasema tarehe ishirini na tatu Novemba.

Akairudisha mezani taratibu. "Basi haipo, Tessa. Hata mstari mmoja."

Nimegomba. Nimesema ni ukiritimba, ni karatasi tu, ni baba yangu! Akaniacha nimalize. Akasema ndiyo hasa, ni baba yako. Alikuwa anaongea na mtoto wake juu ya pai, hakuna aliyemwambia kwamba wageni wataisoma, wala kwamba anaweza kukataa. Akasema mimi nilijua sheria na nikaivunja, kwa hiyo lazima aiarifu kamati, na kamati inaweza kunisimamisha. Halafu akasema rudi ukamuulize tena, kwa utaratibu.

Nimefuta nakala ya kazi. Rekodi yenyewe nimemtumia Baba kwenye simu yake, ni yake. Nimelia chooni kwenye jengo la historia, nimenawa, nimekwenda darasani. Nitamuuliza tena. Kuna ugumu gani?

Jumatano, 12 Desemba 2018

Kamati: onyo la maandishi, niendelee. Halloran kaniita. Hakugomba. Kasema tu kwamba barua nyingine kama hiyo na programu imekwisha kwangu. Nimesema nimeelewa.

Jumamosi, 29 Desemba 2018. Nyumbani.

Nimemwekea Baba fomu ya ridhaa. Kaisoma kurasa zote mbili, kavaa miwani, kidole mstari kwa mstari, kama anakagua trekta la mtu. Kasaini. Nikawasha simu irekodi.

Dakika sita.

Bei ya maziwa ilikuwa mbaya. Magoti yalikuwa mabaya. Tuliuza. Watu wa mnada walikuwa wastaarabu.

Nikauliza kuhusu asubuhi zilizofuata. Akaitazama simu, akamtazama Mama aliyekuwa kwenye sinki amegeuka upande mwingine, akanitazama mimi.

"Hiyo nilishakuambia."

"Najua, Baba. Naomba uniambie tena."

"Ile nilikuambia wewe." Akagonga fomu kwa kidole. "Hapa pameandikwa naweza kukataa. Nakataa."

Basi. Fomu imefanya kazi yake, na mimi ndiye niliyeiandika. Nilitaka kucheka, nilitaka kuivunja ile simu. Nimesema asante kwa muda wako, kama inavyotakiwa. Akanijibu karibu.

Jumapili, 3 Februari 2019

Baridi imeua betri ya gari mara mbili wiki hii. Wafugaji wanne mpaka juzi. Wote bei, magoti, watoto hawataki, tuliuza. Dakika saba, tisa, sita, kumi. Ningefunga tasnifu nikaipa jina "Bei na Magoti".

Jana kwa Bi Gunderson, mjane, ng'ombe hamsini na wawili. Bei. Magoti. Nikawa nakusanya karatasi zangu, mkono uko kwenye koti. Nikauliza tu, kesho yake uliamka saa ngapi?

Akaweka birika la kahawa chini.

Aliamka saa kumi. Alifua mataulo ya kufutia viwele, yote, safi yale yale, akayaanika, akayakunja. Akayafua tena kesho yake. Saa nzima na nusu aliongea, na mwisho akanipa mkate wa ndizi na akanishika mkono hadi mlangoni.

Nimelia njiani na nimefurahi mno, vyote pamoja. Maneno ya Baba sina ruhusa nayo. Lakini saa ya kuamka hata mimi naweza kuuliza.

Jumatano, 27 Machi 2019

Watu kumi na mmoja. Wale wanne wa kwanza wote nimewarudia, kwa ridhaa mpya, kila kitu kisheria. Mmoja aliendelea kumsugua kwa brashi kila asubuhi ng'ombe mmoja aliyebaki, wa mwanawe, mpaka mtoto akaona haya. Mmoja alilala mpaka saa tatu kwa mara ya kwanza maishani na akajichukia. Kurasa themanini na nne. Wastani 3.61. Masomo manane yametimia. Kimebaki kitu kimoja.

Sundby kairudisha rasimu. Kasema ni nzuri, na kasema pana tundu. Sura ya njia za utafiti haisemi swali la kuamka limetoka wapi. Jopo litauliza. Nikamwuliza nitajibu nini.

"Usidanganye, na usimtaje."

Asante sana, Profesa. Hiyo ni nafasi ya upana wa sindano.

Mama na Baba wanakuja. Utetezi uko wazi kwa watu wote. Baba kauliza kama tai ni lazima.

Ijumaa, 26 Aprili 2019. Saa tano na dakika ishirini, ukumbini nje ya chumba 214.

Naandika nimekaa sakafuni, lazima nifanye kitu.

Wametutoa nje. Ndio utaratibu: ukimaliza, wewe na watazamaji wote mnatoka, jopo linafunga mlango na kukuamulia. Dakika kumi hivi, kasema Halloran. Mai Nhia kaenda kuleta maji. Mama amekaa kwenye benchi na mkoba wake magotini.

Dakika ishirini nilisema vizuri. Maswali ya kwanza nilijibu vizuri. Kisha yule msomaji wa nje, wa sosholojia, mwanamke mkavu mkavu, akafungua ukurasa wa thelathini. Akasema mahojiano manne ya mwanzo hayana kitu, halafu ghafla swali moja na yote yanafunguka. Swali halipo kwenye pendekezo. Halipo kwenye vitabu ulivyosoma. Umelitoa wapi?

Sundby alitazama meza.

Nikasema limetoka kwa mtu aliyeniamini kabla sijawa na haki ya kumsikiliza. Kosa langu, limeandikwa kwenye kumbukumbu za kamati. Nilipomwomba upya alikataa, na ana haki ya kukataa. Kwa hiyo yumo katika kila ukurasa na hayumo hata katika mmoja.

Akauliza jopo litapimaje kitu lisichoweza kukiona. Nikasema sijui. Ndivyo nilivyosema, mbele ya watu wote — sijui. Miaka mitatu na nusu, na jibu la mwisho ni sijui. Akaandika kitu kirefu.

Sikumtazama Baba. Alikuwa safu ya tatu, tai imembana.

Tulipotoka alikuwa nyuma yetu. Mlangoni akashika kichwa, akasema amesahau kofia, akarudi ndani. Mlango ukajifunga.

Hiyo ni dakika nane zilizopita.

Nilidhani atatolewa. Sasa nasikia sauti ndani, si ya Halloran, si ya Sundby. Ya chini, ya taratibu, inasimama, inaendelea. Hakuna anayeikatiza. Maneno siyapati yote. Nimepata "ndoo". Nimepata "redio".

Mama pia anasikia. Amesimama, amesogea, ameweka kiganja kwenye mlango lakini hasukumi. Nikamwambia, Mama, kaa. Hakukaa.

"Hakuwa anaosha mabomba," amesema. Hakuniuliza. Kisha kwa sauti ndogo, "Niliisikia ile pampu kila asubuhi. Nilibaki nimelala pale pale."

Ndani kiti kimevutwa. Mtu ameuliza kitu, ni yule wa sosholojia, na Baba anajibu. Mara ya pili, kwa hiari yake mwenyewe.