Mama Hayumo Dirishani

Jumapili, Kwihara. Joto la kabla ya mvua. Mawingu yanakuja, yanatuchungulia, yanaondoka. Nina huzuni na hasira kwa pamoja, na sijui nianze na ipi.

Mama alikuwa akiuza asali ya Sikonge. Nilikuwa namtengenezea programu ya dukani: ukiifungua, linatokea dirisha lenye picha yake juu na vitufe vya mauzo chini. Alicheka, akanionya nisimweke kilemba kikiwa upande. Ugonjwa ukamaliza kazi yake kabla mimi sijamaliza yangu.

Jana tumeanua matanga. Leo baada ya ibada baba akataka kuiona hiyo programu. Akavuta kiti, akavaa miwani, akakunja mikono kama bado yuko kanisani.

Nikaifungua kwenye kompyuta yangu ya mkononi. Vitufe vikaja, jina la duka likaja. Pale pa picha, kijivu kitupu.

"Mayu hayumo," baba akasema taratibu.

Mayu ni mama kwa Kinyamwezi, na ndivyo alivyomwita mkewe tangu nipate akili. Msibani watu wote walisema hayupo, nikavumilia. Hili la hayumo, kama mtu aliyechungulia chumbani akakuta kitanda kitupu, lilinishinda. Nilikwenda kulia nyuma ya jiko.

Kosa lenyewe ni la kijinga. Picha kwenye kompyuta ni vitone vya rangi tu. Dirisha linaichora, lakini haliishiki. Kama hukuacha kitu cha kuishika, kompyuta inadhani haina mwenyewe, inaifagia. Wala haikuambii. Hakuna onyo, hakuna chochote, ni kijivu tu.

Niliporudi nikaongeza mstari mmoja kwenye programu: dirisha.picha = picha. Maana yake, ishike.

Mama akatokea, kilemba kimekaa sawa.

Baba alikigusa kioo kwa ncha ya kidole. Akauliza nikilifunga dirisha itakuwaje. Nikamwambia picha itaondoka nalo, ila tukifungua tena itarudi.

"Basi usifunge, mwanangu."

Sikufunga. Umeme umekatika tangu alasiri na baba hajainuka pale kitini. Ninaandika haya kwenye simu, nimesimama mlangoni. Kutoka hapa naona alama ya betri ya kompyuta imeshakuwa nyekundu. Yeye haijui alama hiyo.

Nimwambie, au nimwache akae naye?