Mahali Peupe Kando ya Mwanamke

Jumanne, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Upepo wa baridi umevuma kutwa, nami nimerudi kutoka Lilongwe na shaka ambayo asubuhi sikuwa nayo.

Nikiri kwanza: niliipokea kazi hii kwa sababu ya barua. Pasta wetu ameahidi kunipendekeza kwa waajiri nikimwandikia utangulizi wa kijitabu cha maonyesho ya picha za Biblia, ambazo akina mama wa kanisa huzichonga kwenye ubao na kuzichapa. Ni mwaka mzima sasa tangu nihitimu chuo, bila ajira.

Leo nilizikuta zimetundikwa ukumbini huko Lilongwe. Ile ya mwanamke aliyefumaniwa akizini ndiyo iliyonisimamisha. Yeye yupo, ameinama. Wenye mawe wapo. Kando yake pana mahali peupe, penye kimo cha mtu.

"Ah, dokta!" Pasta alinitania nilipouliza. "Ile njo nuru ya Bwana. Andika vile."

Nuru yenye mabega?

Alasiri, baada ya kurudi kambini kwa basi, nilikwenda kwa Mama Furaha, aliyeichonga picha hiyo. Katika kazi yao, panapochongwa hapashiki wino; hubaki peupe kwenye karatasi, na kilichokwisha kuondolewa ubaoni hakirudi. Alinitolea chapa ya majaribio aliyoificha chini ya godoro. Pale penye weupe amesimama mwanaume, anafunga mkanda.

"Balikuwa babili mu kitanda, mi nikachonga bote babili," alisema kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Ubao ikalala kwa Pasta siku mbili. Ikarudi, bwana hayiko."

"Hukumwuliza, Mama?"

"We njo uko na diplome, mwanangu. Muulize we!" Akacheka. Mimi sikucheka.

Sina ushahidi wa nani aliyeshika patasi. Nilimshuku Pasta. Kisha nikamshuku Mama Furaha, kwamba anataka kusema kupitia kalamu yangu. Mwishowe nikajishuku mwenyewe, maana ndani ya basi nilikuwa nimekwisha kuandika: "Mchongaji anatuonyesha nuru."

Sentensi nzuri. Ya uongo.

Nimeifuta. Badala yake nimeandika, kwa idhini ya Mama Furaha: "Mama Furaha aliwachonga watu wawili. Mwanaume aliondolewa ubao ulipokuwa nje ya mikono yake."

Barua yangu huenda isiandikwe kamwe. Hata hivyo, kesho sitautuma utangulizi huu kwa simu. Nitampa Pasta mkononi, nikae mbele yake anaposoma, nione macho yake yatakwama wapi.