Tasbihi ya Baba Imebaki Gdansk

Gdansk, Ijumaa, baada ya Alasiri

Dada yangu Zuwena,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute magoti yamepungua maumivu, na maji ya mfereji wa falaji yanafika bustanini kwako kwa zamu yake bila ugomvi na jirani. Mimi, mwanangu Nasor na mkewe hatujambo, alhamdulillahi. Ila akili yangu haijatulia.

Mji huu anaofanyia kazi Nasor ni bandari ya kale ya Poland. Nyumba zake ni ndefu na nyembamba, zimebanana. Nilipozisifu kwa ukongwe wake, niliambiwa kwamba ziliteketea vitani, zikajengwa upya kwa kufuata picha. Kule kwetu Omani, mjini Manah, nyumba za kale zinaanguka zikiwa za kale kweli. Hapa mpya zimesimama na zinaitwa za kale. Sijui niziiteje.

Biashara yao mashuhuri ni kaharabu, ule utomvu wa miti ya kale ulioganda kama jiwe. Bahari huitupa ufukweni baada ya dhoruba, na mafundi huichonga tangu enzi za mababu zao. Kwa kuwa uzi wa tasbihi ya kaharabu ya marehemu Baba ulikatika, niliipeleka kwa fundi mmoja mzee. Alizitumbukiza punje katika maji ya chumvi, zikaelea, ndiyo dalili ya kaharabu ya kweli.

"Hizi zimetoka bahari yetu hii," alisema, na Nasor akanifasiria.

Kisha akazishika moja moja, akatusimulia. Babu yake alikuwa akichonga punje za namna hiyohiyo, zikiuzwa kwa Waarabu. Karakana iliungua, haikubaki hata moja.

"Ni nzuri mno," akasema.

Nawe wajua tulivyolelewa. Mtu akikisifu kitu chako, utamwambia nini? Nikasema, "Karibu, chukua, ni yako." Nikangoja aape kwamba hachukui, nami nimshikilie kidogo, kisha yaishe. Nasor akafasiri neno kwa neno. Mzee akasimama, akanikumbatia, akalia, akaiweka tasbihi ndani ya kabati la kioo.

Njiani nilimgombeza Nasor.

"Kwa nini umefasiri?"

"Baba, si umesema mwenyewe?"

"Huijui ada, wewe?"

"Mimi naijua. Yeye haijui! Huku ukimwambia mtu chukua, anachukua."

Mkewe alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Ni siku ya nne leo, na bado sijui nilichofanya. Nilisema kwa ulimi bila nia. Je, ile ni zawadi au si zawadi? Anayedai alichokwisha kutoa, wajua dini inavyomlaumu. Lakini tasbihi si yangu peke yangu. Tuliirithi sisi wawili, na wewe ndiye uliyeitoa mkononi mwa Baba alipokata roho. Basi nimetoa kisicho changu, na aliyepokea amefurahi kama aliyerudishiwa babu yake.

Nakuuliza: unalisamehe fungu lako, au hulisamehi? Ukisema hulisamehi, nitakwenda kwa yule mzee nimwambie kwamba nilikosea, na aibu nitaibeba mimi.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na binti yenu aliyeolewa Sur. Shangazi yetu mpe salamu, lakini habari hii usimwambie kabla hujaamua.

Nijibu kwa neno moja tu. Usiniandikie "kama upendavyo", dada yangu. Adabu ndiyo iliyonifikisha hapa.

Mimi ndugu yako mdogo,
Said