Ng'ombe Waliokataa Maji

Kihanga,
Karagwe.

Kaka Elpidius,

Shikamoo. Natumaini hujambo huko Dodoma na vumbi halijakurudishia kikohozi. Sisi wazima, Mama hajambo, ila mimi nina hasira, na heri uijue mapema. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu kila nikitaja ng'ombe unasema mtandao mbaya.

Tulikusikia redioni, kutoka kwenye maonyesho ya wavumbuzi, ukisema mtambo uliouacha hapa nyumbani unapokea umeme wa betri ndogo na kutoa mwingi kuliko ulioingia, na kwamba wataalamu wameshindwa kueleza ziada hiyo inatoka wapi. Mama alipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nje, nawatazama ng'ombe wenye kiu wakigusa maji ya birika lao la kunywea kwa midomo na kuruka nyuma.

Yalianza uliposimika mtambo huo kando ya birika. Mchana wanakataa maji, jioni wanakunywa. Watu wakatafuta nani huwapo mchana na jioni hayupo, wakampata Kampire, yule mjane anayetupalilia kibanja cha migomba. Walisema ameroga. Alipojitetea kwamba hata yeye maji yale yanamng'ata mikono akinawa, wakasema mchawi kajisema. Mama akamfukuza. Kisimani wanawake wakamwita mkimbizi, yeye aliyezaliwa hapa hapa. Nilikueleza yote hayo, ukanijibu kwamba wazee watayamaliza.

Juzi nilitoa betri yako na nyaya zako zote za shaba, nikaiacha taa ya mtambo imeungwa kwenye ile nondo ya chuma uliyoichimbia kando ya birika. Taa ikaendelea kuwaka. Mashine ya kukoboa kahawa ilipozimwa jioni kule barabarani, taa nayo ikazimika. Tulichimba na mwenye mashine, tukakuta nondo yako imetoboa waya wake uliopita ardhini. Ziada yako ndiyo hiyo, kaka, umeme wa jirani.

Hapo ningekusamehe, maana kukosea ni kwa kila mtu. Lakini Mama alipoliona lile shimo alikaa chini akalia. Akasema kabla hujasafiri ulimsisitiza asiende birikani bila kuvaa mabuti ya mpira, naye akadhani unamhurumia kwa ajili ya tope. Kwa hiyo ulijua. Ulijua, ukaenda kupigiwa makofi.

Wenye maonyesho nimewapigia simu nikawaambia kila kitu. Nondo nimeing'oa. Mama amemwomba Kampire radhi mbele ya jumuiya, kwa magoti.

Mama anakusalimu, ingawa anasema hajui aseme nini. Majirani nao wanakusalimu. Nilimpitia Kampire kumwuliza kama ana salamu zako, nikamkuta anafunga mizigo, anahamia Kamuli kwa ndugu zake. Alisema salamu hana, ila nikuulize: yeye ulimwona kila siku akipita pale pekupeku, mbona hukumwambia naye avae viatu?

Ni mimi mdogo wako,
Komujuni