Picha ya Mama Bila Kitambaa

3 Machi

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, isipokuwa goti, ambalo siku hizi ndilo linaloamua niende wapi. Mama yako anaendelea na matibabu. Bado dozi tano amalize.

Hii kamera uliyoniachia inanidhalilisha. Miaka thelathini nimepiga watu picha studio kwa filamu, leo kila nikibonyeza kila kitu kinatoka kijivu. Weusi si weusi, weupe si weupe, sura ya mtu utadhani shati lililofuliwa mno. Nakosea wapi?

Baba yako

12 Machi

Baba, shikamoo,

Natumaini goti limetulia na Mama anakula. Mimi sijambo, ila hapa ofisi ya matangazo kazi zimetupanda kichwani.

Usicheke: futa lenzi. Nakujua, umeishika kwa vidole. Halafu acha kumpiga mtu akiwa na dirisha mgongoni; mwanga ukiingia lenzini moja kwa moja, picha yote inapauka. Mkalishe ubavuni mwa dirisha, funga mapazia mengine, nyuma yake pawe na giza. Punguza mwanga kidogo ili weupe usiungue. Kisha nitumie kadi ya kamera, nitazikoleza picha kwenye kompyuta.

Binti yako

20 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Sisi tunasukuma siku. Lenzi ilikuwa na alama ya dole gumba langu zima. Mzee nimeumbuka.

Nimempiga Mama yako kama ulivyosema, bila kitambaa kichwani. Unamjua: msusi gani atataka wateja wake wauone upara wake? Alikubali baada ya mimi kumwapia kwamba picha haitatoka chumbani kwetu. Nakutumia kadi, iwe siri yangu na yako. Ikoleze, nichapie moja, kisha ifute.

Baba yako

5 Juni

Leo sina salamu.

Picha ilipofika Aprili nililia kwa furaha. Kila mshipa wa kichwa chake ulionekana, na ananitolea jicho lilelile analomtolea mteja anayetingishika kwenye kiti.

Jana tulikwenda hospitali kwa dozi ya mwisho. Ukutani kwenye korido ipo picha hiyohiyo, kubwa kuliko mlango, na maneno ya kuhimiza watu wapime saratani mapema. Muuguzi mmoja, mteja wake wa siku nyingi, akapaza sauti, "Jamani, si wewe huyu?" Mama yako akageuka akatoka. Dozi hakuchomwa, na anasema harudi tena pale.

Nilikuomba uongeze weusi. Nani alikuomba uongeze watazamaji? Kweli kikulacho ki nguoni mwako, nami nimekuzaa mwenyewe. Inauma, mwanangu.

Baba yako

9 Juni

Baba, shikamoo, hata kama huitikii.

Sikuifuta. Nilimwonyesha bosi, nikijisifu kwamba ni kazi ya baba yangu. Akaitaka kwa tangazo la hospitali. Nilitakiwa kukataa, nikakubali, nikapandishwa cheo. Sitakudanganya zaidi ya hapo.

Nimeomba ibanduliwe. Wanasema mkataba ni wa mwaka mzima. Baba, asiache dozi kwa ajili yangu. Nije nimwombe radhi?

Binti yako

16 Juni

Mwanangu,

Mama yako jana alichomwa dozi ya mwisho. Dada yake ndiye aliyempeleka, wakapitia mlango wa nyuma wanakoingizia shuka. Mimi niliambiwa nibaki nyumbani.

Nilikuwa nimemsomea barua yako nikitarajia akukasirikie, tukukasirikie wote wawili. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie pale unapouliza kama uje.

"Aje," akasema. "Mtoto hakuniapia kitu. Aliyeniapia ni wewe."

Nikaanza kujitetea, akaniuliza kadi iliondokaje humu ndani, ilikuwa na miguu?

Kwa hiyo njoo. Mtalala wewe na Mama yako chumbani kwako, ndiko alikohamia.

Baba yako