Madigadi ya Gurudumu la Nyuma

Mjukuu wangu Neema,

Huku Aston tu wazima, ila nyanyako analalamikia nguo zisizokauka. Umeuliza kwa nini kikundi chenu cha baiskeli huko Glasgow kinakukataza kuendesha kwenye mvua bila madigadi ya nyuma, na koti unalo. Hata mimi zamani sikuelewa.

Nikiwa kijana Bungoma, tulipeleka maziwa sokoni kwa baiskeli, tukifuatana. Siku moja ya mvua niling'oa madigadi ili baiskeli iwe nyepesi. Tulipofika, rafiki yangu Wekesa, aliyenifuata nyuma, alikuwa na tope la gurudumu langu uso mzima. Nikamuuliza mbona hakunipita.

"Ulikuwa unanikinga upepo," akasema.

Mpaka leo sijui kama alinishukuru au alinilaumu. Wewe yafunge tu, mama. Mimi njia nzima sikugeuka kumtazama.

Babu yako