Muswada Tulioupigia Makofi

Jumatatu, 3 Machi

Mkutano wa tawi leo, kwenye banda la magari ya taka. Nimeuongoza vizuri sana. Muswada wa watumishi wa umma umefika bungeni, na chama chetu cha watumishi kinataka kila tawi liseme linauunga mkono au haliungi. Katibu wetu – huyu tunayemwita Kamusi kwa maneno yake marefu – alikuja nao, mnene kama tofali. Akataka kuusoma wote. Nikamwambia soma mwanzo na mwisho, katikati huwa ni maneno ya kujazia.

Mwanzo: kibarua aliyefanya kazi zaidi ya miaka miwili aajiriwe rasmi. Mwisho: sheria itaanza siku atakayotangaza waziri. Mtu anataka nini tena? Nikauliza nani anapinga, nikawatazama mmoja mmoja usoni. Makofi. Chai haijapoa, kazi imekwisha. Ndivyo ninavyoendesha tawi hili tangu nikiwa mlinzi wa geti la manispaa. Kazi nimestaafu, lakini uongozi haustaafiwi. Na sheria yangu ni moja tu: kilichopigiwa makofi hakifunguliwi tena.

Jumanne, 4 Machi

Mke wa mwanangu kasikia habari. Yeye ni mfagiaji wa manispaa, kibarua miaka yote hii, na sasa ana mimba kubwa. Kibarua akienda kujifungua, akirudi anakuta fagio lake lina mtu. Muswada ukipita, naye atapata likizo ya uzazi kama mabibi wa ofisini. Leo kaniwekea chai ya maziwa bila kuombwa.

Akauliza, baba, kweli utatusemea? Nikamwambia, mwanangu, mimi nikisema hata ukuta unaitikia. Mke wangu akacheka kwa pua. Sikumuuliza kwa nini.

Alhamisi, 6 Machi

Nilijua tu! Makao makuu ya chama wamenichagua mimi nikaseme mbele ya kamati ya bunge. Matawi yote hayo – mimi. Sauti yangu inajulikana.

Fulana za njano zimekuja. Yangu imeandikwa MWENYEKITI mgongoni. Nikamwambia Kamusi iandikwe na kifuani. Akasema mgongoni panatosha. Nikamwuliza, hao wabunge watakaa nyuma yangu? Akaikunja fulana yake, akaenda zake. Wasomi bwana.

Jumamosi, 8 Machi

Kamusi alikuja nyumbani. Hakutaka kukaa. Kumbe ameusoma muswada wote, na hakutumwa na mtu.

Katikati kuna kifungu. Kiongozi wa chama cha watumishi lazima awe mtumishi aliye kazini. Aliyestaafu anaachia cheo siku sheria inapoanza. Nikamwambia soma tena. Akasoma tena, polepole, bila kuongeza hata neno moja la kwake. Nikauliza nani amewaambia habari zangu huko bungeni. Akasema, mzee, hii ni ya nchi nzima. Nchi nzima! Mtu analengwa yeye, anaambiwa ni nchi nzima.

Nikasema tuitishe mkutano, tuupitie upya. Kamusi akakuna kisogo. Akasema, Mwenyekiti, si ulisema kilichopigiwa makofi... Nikamwambia anyamaze. Vijana wa siku hizi wanashika maneno ya watu.

Jumapili, 9 Machi

Nimepata akili. Sitaupinga muswada. Nitaomba watoe kifungu hicho kimoja tu, kwa adabu. Kamusi akampigia simu karani wa kamati. Karani kasema inawezekana, ila muswada utarudi kwa wanasheria, na kikao kingine ni baada ya uchaguzi. Baada ya uchaguzi! Mtoto atakuwa anatembea.

Lakini nani ataongoza tawi? Kamusi? Huyo atasoma mpaka katikati. Watu watakufa njaa mkutanoni.

Mke wangu kasema, mume wangu, wewe ulishastaafu zamani, tuliogopa tu kukwambia. Nikasusa chakula cha mchana. Nilikula baadaye jikoni, peke yangu, heshima yangu ikiwa palepale.

Mke wa mwanangu anajua – nyumba hii haina dari, neno la sebuleni linafika chumbani kabla hujalimaliza. Kainama na tumbo lake lile, kaifua fulana yangu, kaianika. Angenigombeza ningejua la kumjibu.

Jumanne, 11 Machi

Naandikia ukumbini kwa kamati. Kamusi anadhani naandika hotuba. Hotuba ninayo kichwani. Ninazo mbili: moja ya kuomba kifungu kitolewe, nyingine ya kuupitisha muswada kama ulivyo.

Nimewekwa mstari wa mbele. Wafagiaji wako nyuma, njano tupu. Viti vimekwisha, mke wa mwanangu amekaa sakafuni, miguu kainyoosha. Nilimwomba mhudumu ampatie kiti. Akasema viti ni vya waalikwa. Nikamwuliza, na mwenye mimba je, kajialika? Akaenda. Hajarudi.

Mkuu wa chama amekaa kando yangu, suti ya bluu, meno mazuri ya kununua. Kaniinamia sikioni. Mzee mwenzangu, kile kifungu cha katikati, wewe sema tu kitolewe. Sisi wa makao makuu tukikisema sisi, tutaonekana tunajitetea. Nikamwuliza yeye alistaafu lini. Akasema zamani kidogo. Na makamu wake? Zamani zaidi. Mweka hazina? Akatazama dari.

Kumbe ndiyo maana walinichagua. Na mimi nilidhani ni sauti.

Akanipapasa goti. Akasema chama hakimsahau mtu wake. Nikaliondoa goti.

Nimegeuka nyuma. Mke wa mwanangu amepata kiti – Kamusi kampa chake, yeye kasimama ukutani. Hanitazami. Anatazama wabunge, na mkono uko tumboni.

Wameita: Mwenyekiti wa tawi. Kipaza sauti kimewashwa, kinavuma. Mkuu ananisukuma kwa kiwiko. Nimemwonyesha kalamu, asubiri.

Waniite tena. Kwa cheo, na kwa sauti kubwa, wote wasikie.